Kuomba si kumpa Mungu amri

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme juu ya fundisho ambalo limeota mizizi kwenye mikusanyiko mingi ya maombi na linawaumiza watu. Fundisho lenyewe ni kwamba Mkristo mwenye imani haombi bali anatamka, yaani anatangaza kwamba jambo analolitaka limekuwa, na kwamba anayemalizia ombi lake kwa kusema "mapenzi yako yatimizwe" ameonyesha shaka na kuufunga mlango wa baraka yake kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nashikilia kinyume. Maneno hayo ndiyo kilele cha imani, na unyenyekevu haupunguzi ujasiri wa mwombaji hata chembe. Mtu hawezi kumtegemea Mungu kabla ya kukubali kwamba yeye mwenyewe si Mungu.

Tuanzie Gethsemane, maana huko Bwana mwenyewe aliomba neno ambalo hakupewa. Marko 14:36 inasema: "Aba, Baba, yote yawezekana kwako; uniondolee kikombe hiki; walakini, si kama nitakavyo mimi, bali utakavyo wewe." Ni sentensi moja yenye sehemu nne, na mpangilio wake una maana. Kwanza anamwita Baba. Pili anakiri uwezo wa Baba bila kuuwekea mpaka. Tatu anataja anachotaka, waziwazi, bila kuzungukazunguka. Nne anakabidhi. Maombi yetu mengi huharibika kwa sababu tunaiacha sehemu mojawapo. Anayeacha ya nne anabaki na amri. Anayeacha ya tatu, yule anayeruka moja kwa moja hadi "mapenzi yako yatimizwe" bila kusema anataka nini, hajaomba kitu. Amejikinga asije akakataliwa. Kosa hilo la pili huonekana kama utakatifu, kwa hiyo halikemewi, lakini mzizi wake ni uleule: hofu ya kumwamini Mungu kwa jambo mahususi. Na anayeacha ya pili anaomba kama mtu anayeomba msaada kwa jirani aliye maskini kuliko yeye.

Mathayo 26:44 inaongeza kwamba aliomba mara ya tatu akisema maneno yaleyale. Kwa hiyo kurudia ombi si kukosa imani, ingawa wapo wanaofundisha kwamba ukiliomba jambo mara ya pili umefuta ombi la kwanza. Paulo naye aliomba mara tatu mwiba uondolewe (2 Wakorintho 12), akajibiwa: "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Mwiba ulibaki. Ukisema Paulo alikuwa na imani ndogo, itakubidi uyaelezee upya yote aliyoyatenda.

Waraka wa kwanza wa Petro, 5:6-7, unaziunganisha pande mbili za jambo hili kwa namna ambayo wahubiri wengi huikata katikati. Aya ya 7 inapendwa na wengi, ile ya kumtwika yeye fadhaa zetu zote. Lakini haijitegemei, inaendeleza sentensi ya aya ya 6: "Basi nyenyekeeni chini ya mkono wa Mungu ulio hodari, ili awakweze kwa wakati wake, huku mkimtwika yeye fadhaa zenu zote, kwa maana yeye hujishughulisha sana kwa mambo yenu." Kumtwika fadhaa ndiko kunyenyekea kwenyewe. Anayekataa kuutua mzigo anasema, hata kama hajui kwamba anasema hivyo, kuwa bega lake ni salama kuliko la Mungu. Wasiwasi unaonekana kama unyonge, lakini mara nyingi ndani yake kuna kiburi kilichochoka.

Angalieni pia ni nani waliosifiwa kwa imani kubwa. Wanafunzi, waliokuwa karibu naye kila siku, waliitwa watu wa imani haba. Katika Injili ni wawili tu ambao Yesu aliisifu imani yao kuwa kubwa, na wote wawili walikuwa watu wa mataifa: akida wa jeshi (Mathayo 8) na mwanamke Mkanaani (Mathayo 15). Akida alisema hastahili Bwana aingie chini ya dari yake, na papo hapo akaongeza: sema neno tu. Mwanamke alikubali kufananishwa na mbwa walio chini ya meza, na papo hapo akadai makombo. Wote wawili walijishusha kabisa, na hakuna aliyerudi nyumbani mikono mitupu. Wala hakuna aliyejiombea mwenyewe. Mmoja alimwombea mtumishi wake, mwingine binti yake. Anayesema unyenyekevu hunyamazisha imani na awasome hawa wawili pole pole.

Mfano wa Mfarisayo na mtoza ushuru katika Luka 18 tunaufahamu, lakini kuna jambo ndani yake tunalipita haraka. Mfarisayo hakusema uongo. Alifunga mara mbili kwa juma, ilhali torati iliamuru siku moja tu ya kujitesa nafsi kwa mwaka, ile ya upatanisho. Alitoa zaka katika mapato yake yote. Alianza hata kwa kushukuru. Kilichokosekana ni ombi. Yahesabuni maneno yake yote, hamtakuta hata kimoja anachomwomba Mungu. Mtoza ushuru alikuwa na sentensi moja tu, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi," na yote ilikuwa ni ombi. Hiki ni kipimo kizuri cha kupimia maombi yetu wenyewe: tukimaliza, je, kuna kitu tulichoomba ambacho Mungu asipokifanya hakitafanyika? Au tulikuwa tunatoa taarifa juu yetu?

Na Luka aliuweka mfano huo mara tu baada ya ule wa mjane aliyemwendea kadhi dhalimu bila kuchoka. Kwa hiyo mtu asidhani mnyenyekevu ni yule anayeomba mara moja kwa sauti ya chini na kuondoka. Mjane alisumbua. Kinachokatazwa katika Mathayo 6:7 ni kupayuka-payuka kwa kudhani kwamba wingi wa maneno ndio unaomfanya Mungu asikie. Tofauti ya mambo haya mawili imeonyeshwa vizuri katika 1 Wafalme 18. Manabii wa Baali waliita tangu asubuhi hadi adhuhuri, wakarukaruka, wakajikatakata kwa visu. Eliya aliomba aya mbili, ya 36 na ya 37, moto ukashuka. Lakini katika sura hiyohiyo, alipoomba mvua, aliinama na uso wake kati ya magoti na kumtuma mtumishi wake akatazame bahari mpaka mara saba. Mtu ni yuleyule na siku ni ileile. Ombi fupi na ombi la kung'ang'ana vyote vilitoka katika tegemeo moja. Kelele za manabii wale zilitokana na kumwona mungu wao kama mtu wa kusukumwa mpaka aamke.

Fikra hiyo ya kusukuma ndiyo iliyoharibu pia mafungo na sadaka. Kufunga kukifanywa ili kumbana Mungu huzaa swali lile la Isaya 58:3, mbona tumefunga nawe huoni? Jibu la nabii lilikuwa kwamba siku hiyohiyo ya kufunga walikuwa wanawaonea wafanyakazi wao. Daudi alifunga siku saba kwa ajili ya mtoto mgonjwa (2 Samweli 12). Siku ya saba mtoto alikufa. Watumishi waliogopa kumwambia. Aliposikia, aliinuka, akaoga, akajipaka mafuta, akabadili mavazi, akaingia nyumbani mwa Bwana akasujudu, kisha akaenda nyumbani akaomba chakula akala. Mfungo ambao ulikuwa maombi unaweza kwisha kwa ibada hata jibu likiwa hapana. Mfungo ambao ulikuwa shinikizo huisha kwa uchungu na lawama. Kuhusu sadaka itolewayo kama bei ya muujiza, Petro alishamjibu Simoni, aliyetaka kuinunua karama ya Mungu kwa fedha, katika Matendo 8:20, na sioni haja ya kuongeza.

Wanaotetea kutamka hunukuu Marko 11:24, kwamba yoyote tuyaombayo tuamini tumeyapokea. Ni neno la Bwana na halipaswi kupunguzwa makali. Lakini sentensi yenyewe inasema "myaombayo mkisali". Bado ni kuomba. Aya inayofuata inadai tusamehe tukiwa na neno juu ya mtu, jambo ambalo hutajwa kwa nadra sana aya ya 24 inapohubiriwa. Na 1 Yohana 5:14 inautaja ujasiri huohuo ikiufunga na mapenzi yake. Ni kweli pia kwamba mitume waliamuru. Petro alimwambia kiwete asimame aende. Lakini waliamuru ugonjwa na pepo, kwa jina la mwingine. Hawakumwamuru Mungu popote. Na jina hilo si mhuri wa kumlazimisha. Wana saba wa Skewa walilitumia hivyo kumtoa mtu pepo huko Efeso (Matendo 19), wakakimbia nyumba ile uchi na wenye majeraha.

Sasa namna ya kuomba, kwa sababu kukosoa bila kuonyesha njia hakumsaidii mtu aliyepiga magoti usiku akiwa na shida halisi.

Kabla ya kufungua kinywa, nyamaza kidogo, dakika moja au mbili, ukumbuke unazungumza na nani. Tukiruka hatua hii, tunaanza na tatizo, na tatizo linakuwa kubwa kuliko Mungu tangu sentensi ya kwanza. Sala ya Bwana inaanza na jina lake, ufalme wake na mapenzi yake kabla ya kufika kwenye riziki yetu. Kisha sema jambo lenyewe kwa maneno machache uwezavyo. Mariamu kule Kana alisema tu, "Hawana divai." Dada zake Lazaro walituma neno, "Bwana, yeye umpendaye hawezi," yaani ni mgonjwa. Hawakumwelekeza afanye nini wala afike lini. Waliutaja upungufu na wakautaja upendo wake. Mwenye ukoma alisema, "Bwana, ukitaka, waweza kunitakasa," na hilo "ukitaka" halikumzuia kupona, alijibiwa, "Nataka, takasika." Ukiweza kuliweka ombi lako katika sentensi moja ya namna hiyo, umeshajua unachoomba. Usipoweza, huenda bado hujui, na hapo ombi la kwanza liwe kujua. Warumi 8:26 inasema Roho hutusaidia udhaifu wetu maana hatujui kuomba jinsi itupasavyo.

Baada ya kutaja unachotaka, jiulize ni kwa ajili ya nini. Yakobo 4:3 anataja sababu moja ya kutopata: kuomba ili tuvitumie kwa tamaa zetu. Kuomba kazi ni halali. Kuomba kazi ili aliyekudharau aone aibu ni ombi jingine, lina maneno yaleyale lakini roho tofauti. Huna haja ya kuisubiri nia yako iwe safi ndipo uombe, la sivyo hakuna ambaye angeomba. Iseme tu jinsi ilivyo: Bwana, nataka kazi hii, na sehemu yangu moja inataka kulipiza, nitakase. Hivyo ndivyo alivyofanya baba wa kijana katika Marko 9:24, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Alileta imani na upungufu wake katika pumzi moja, na mwanawe akapona.

Omba cha leo. Mana ya Kutoka 16 iliyowekwa mpaka asubuhi iliingia mabuu ikanuka. Sehemu kubwa ya mahangaiko yetu katika maombi ni kujaribu kupewa leo uhakika wa miaka kumi ijayo. Ombi la riziki ya leo hutulazimu kurudi kesho, na huku kurudi ndiko tegemeo lenyewe linakojengwa.

Na ukiisha kukabidhi, kuna swali la kiutendaji: utafanya nini ukiinuka? Hapa ndipo kukabidhi kwingi kunapobatilika. Mtu anasema "nakuachia wewe, Bwana," kisha anakesha akilihesabu upya jambo lilelile. Wazo likirudi, na litarudi, usipigane nalo wala usijilaumu. Lirudishe kwa sentensi fupi na uendelee na kazi iliyo mbele yako. Wamonaki wa jangwa la Misri walitumia mwanzo wa Zaburi ya 70, "Ee Mungu, uniokoe," kwa kusudi hili mchana kutwa, na Wakristo wa Kiorthodoksi wa Mashariki wameilea kwa karne nyingi sala iliyo ndugu wa ile ya mtoza ushuru: Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unirehemu mimi mwenye dhambi. Kisha fanya sehemu yako. Mgonjwa ameze dawa zake na arudi kliniki kwa tarehe aliyopangiwa. Mwenye deni azungumze na anayemdai. Kuacha dawa ili kuonyesha imani ni kumjaribu Mungu. Paulo, ambaye vitambaa vilivyogusa mwili wake viliponya watu huko Efeso, alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake.

Kwa wale ambao mawazo huwatoroka wakiomba, ushauri wa Martin Luther kwa kinyozi wake Peter mwaka 1535 bado unafaa: chukua Sala ya Bwana, ombi moja baada ya jingine, na katika kila ombi sema mambo yako kwa maneno yako. Moyo ukiwashwa na ombi mojawapo, simama hapo na uyaache mengine. Alimkumbusha kwamba kinyozi anayeongea huku akitazama huku na huku anaweza kumkata mtu pua, basi je, sala haihitaji umakini zaidi? Kwa mtu mzima asiye na mazoea, dakika kumi kila siku kwa saa ileile zitamfaa kuliko mkesha mmoja kwa mwezi.

Kuna upande wa pili wa kosa, nao ni unyenyekevu wa bandia: mimi ni nani hata nimsumbue Mungu na jambo dogo hivi? Aidha hukumu ya nafsi isiyokwisha, mtu anaungama dhambi ileile mwaka wa tano kana kwamba damu ya Kristo haikutosha. Huko si kujishusha, ni kuyaamini maoni yako kuliko ahadi ya Mungu. Waebrania 4:16 inatuita tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri. Katekisimu ya Heidelberg ya mwaka 1563, mafundisho ya Waprotestanti kwa maswali na majibu, katika swali la 117, inaweka pamoja kujua kabisa uhitaji na unyonge wetu, na kuwa na hakika kwamba Mungu atatusikia kwa ajili ya Kristo ingawa hatustahili. Katekisimu ya Kanisa Katoliki nayo, namba 2559, inautaja unyenyekevu kuwa msingi wa sala. Makanisa yanayopishana kwa mengi hayapishani hapa.

Kulia pia kunaruhusiwa. "Hata lini utanificha uso wako?" imo katika Zaburi ya 13, na Zaburi ya 88 inaishia gizani bila neno la faraja. Mnyenyekevu si mtu anayejifanya haumii. Anamlalamikia Mungu mwenyewe, uso kwa uso, hamsemi pembeni.

Nimalizie na wanaoongoza maombi ya wagonjwa, kwa sababu hapo ndipo fundisho hili linapoua moyo. Katika Yakobo 5:14-15, mgonjwa anaagizwa afanye jambo moja tu, kuwaita wazee wa kanisa. Wanaoomba, na wanaopaswa kuwa na imani, ni wao. Mtu wa Bethzatha katika Yohana 5, aliyekuwa hawezi kwa miaka 38, aliponywa bila hata kumjua aliyemponya. Aliyepooza wa Marko 2 alipokelewa kwa imani ya waliombeba. Basi mwongozaji asimwambie mgonjwa kwamba hajapona kwa kuwa imani yake ni ndogo. Amwulize kwanza anataka aombewe nini, maana wengine wanataka usingizi, au kupatana na ndugu, kabla ya kupona. Aombe kwa sauti ya kawaida, maneno machache, amtaje kwa jina lake. Siri ya mgonjwa isigeuzwe habari kwa kisingizio cha kuombeana. Asitangaze tarehe ya muujiza. Atoke kabla mgonjwa hajachoka, na arudi juma linalofuata hata kama hakuna kilichobadilika.

Paulo alimwacha Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa, akaiandika habari hiyo katika 2 Timotheo 4:20 bila kuifafanua na bila kumlaumu Trofimo wala kujilaumu. Viongozi wetu wanaweza kujifunza kusema hivyo hivyo mbele ya familia: tumeomba, bado anaumwa, tutaomba tena kesho.

Msomaji wenu